Milima imejaa miti mikavu, msitu umekufa? Na mbona watafiti wa miti wanahesabu ndege?

Swali limetoka kwa mama mmoja mwenyeji wa Uvira anayeishi Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Nimelifupisha: "Mwezi wa saba tulipeleka watoto Redfish Lake. Njiani na kule juu ya mlima tukaona miti mikavu ya kijivu imesimama mingi sana. Mwenzangu wa kazini anasema ni ukame, mwingine anasema ni mdudu. Tukakuta vijana wenye kofia ngumu wanapima miti, mmoja wao amesimama kimya anasikiliza ndege na kuandika. Miti inakufa na wao wanahesabu ndege? Huo msitu umekufa au bado? Wanajuaje?"

Mama, salamu sana, na asante kwa swali, maana hilo la ndege ndo lenyewe kabisa na watu wengi hawaulizi. Mimi nilisomea misitu chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro, nikafanya kazi kidogo kwenye mashamba ya miti Sao Hill kule Mufindi, alafu nikaja huku, na huu ni msimu wa tisa napanda milima ya Idaho, Montana na Wyoming kupima miti kuanzia theluji inapoyeyuka mpaka inaporudi. Kwa ufupi wenzako wote wawili wako sawa, kila mmoja kashika nusu. Msitu wa pale chini ziwani haujafa. Ila kule juu kabisa, karibu na pale miti inapoishia na mawe matupu yanaanza, kuna mti mwingine ambao ndo unatunyima usingizi, na afya ya huo mti huwezi kuijua bila kumhesabu yule ndege.

Tuanze na chini. Miti mingi uliyoiona imekauka karibu na ziwa ni msonobari wa nguzo, ule mwembamba ulionyooka ambao wenyeji wa asili wa huku walikuwa wanaukata kwa ajili ya nguzo za mahema yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bonde la Sawtooth, ambako Redfish Lake ipo, lilipigwa vibaya na mbawakawa wa msonobari, mdudu mweusi mdogo kama punje ya mchele tu. Mdudu huyu ni mwenyeji, hakuletwa na mtu, yuko hapa maelfu ya miaka na kazi yake siku zote ni kumalizia miti mizee na iliyochoka. Sasa ukame unaingia hapo, kwasababu mti wenye maji ya kutosha unajitetea kwa utomvu, mdudu akitoboa anasukumwa nje na ule utomvu unaganda juu ya gome kama bisi, ukiangalia vizuri utaona vibisi hivyo vyeupe au vya pinki vimejipanga kwenye shina. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kusukuma. Na akishaingia jike mmoja anatoa harufu ya kuita wenzake, wanakuja kwa mamia, na wanabeba kuvu ambayo inaingia kwenye mbao na kuzifanya za bluu na kuziba njia za maji. Mti unaonekana wa kijani mwaka huo wote ila umeshakufa, mwaka unaofuata unakuwa mwekundu, alafu baada ya miaka mitatu minne unabaki kijivu kama ulivyouona.

Zamani baridi ndo ilikuwa inawapunguza. Funza wao wanalala chini ya gome majira ya baridi na wana kitu mwilini kama ile dawa tunayoweka kwenye rejeta isigande, kwahiyo katikati ya baridi inabidi ifike nyuzi 40 chini ya sifuri ndo wafe kwa wingi (na hapo ndo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, kwahiyo hata ukisoma kwenye simu yako ya Boise ni namba ileile). Baridi za namna hiyo zimekuwa adimu, na joto limempandisha mdudu mpaka kwenye miinuko ambayo zamani alikuwa hawezi kukaa kizazi baada ya kizazi.

Lakini angalia chini ya ile miti ya kijivu pale ziwani. Utakuta miche ya msonobari huohuo imejaa, imesongamana mpaka kupita shida. Huo msitu unabadilisha nguo, haujafa. Msonobari wa nguzo umezoea kufa kwa mafungu na kuzaliwa kwa mafungu, mingi inatunza mbegu kwenye matunda yaliyofungwa kwa utomvu ikisubiri moto uyafungue. Ndo maana mimi mtu akiniambia nimeona miti mingi imekufa, namuuliza kwanza mti gani, alafu namuuliza je, watoto wapo?

Na hilo la mti gani unaweza kulijua mwenyewe bila kusoma chuo. Chuma kile kifungu kidogo cha majani ya sindano, hesabu yako mangapi pamoja. Mawili, ni msonobari wa nguzo. Matatu, ni ule mkubwa wa gome la chungwa unaokutana nao ukitoka tu Boise kuelekea Idaho City. Matano, na uko juu sana kwenye upepo, kwa milima yenu mara nyingi ni msonobari wa gome jeupe, na huyo ndo mgonjwa wangu. Ukipita barabara ya Galena Summit, kama mita 2,650 hivi, uko nyumbani kwake.

Huu mti mama, unaishi. Ule mzee kuliko yote unaojulikana uko hukohuko Sawtooth, una miaka zaidi ya 1,200. Unakua mahali ambapo miti mingine inakataa, unashikilia theluji kwenye kivuli chake isiyeyuke yote mara moja, kwahiyo maji yanashuka polepole mpaka kiangazi, na mto Boise unaanzia kwenye milima hiyo, kwahiyo ukimwagilia lengalenga yako mwezi wa nane kuna mkono wa ule mti hapo. Haubebi koni, yale matunda magumu yenye mbegu, mpaka ufike miaka kama 25 au 30, na kuzaa vizuri ni miaka 60 kuendelea. Kufikia mwaka 2016 zaidi ya nusu ya misonobari hii iliyosimama Marekani ilikuwa imekufa, asilimia 51, na Desemba 2022 serikali ikauweka kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini.

Mdudu ameua mingi, ndiyo, hasa miaka ile ya 2000. Ila mbaya zaidi ni kutu. Sio kutu ya chuma, ni kuvu, ndugu wa ile kutu ya ngano ambayo wakulima wa Njoro na Arusha wanaijua vizuri. Asili yake ni Asia, ikapita Ulaya, na mwaka 1910 ikaingia upande huu wa magharibi kupitia Vancouver kule Kanada, ndani ya miche ya misonobari iliyotoka Ufaransa. Miche tu ya kupanda! Kila nikiwa kwenye kitalu nashika mche naikumbuka hiyo. Kwetu tulipata somo la karibu na hilo na yule chawa wa misanduku (miti ya cypress), alionekana Malawi mwaka 1986, 1990 yuko Kenya, misanduku ikakauka hekta kwa hekta, na wazee wa chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha, wanakumbuka. Kitu kigeni kikikutana na mti ambao haujawahi kukutana nacho, mti unakuwa kama mtoto asiye na chanjo.

Hii kutu ina maisha ya ajabu, haipiti kutoka msonobari kwenda msonobari, lazima ipitie kwanza kwenye mimea mingine, hasa vichaka vya matunda madogomadogo (currant na gooseberry) vinavyoota milimani, alafu kwenye ubaridi na unyevu wa mwisho wa kiangazi mbegu zake zinaruka kurudi kwenye misonobari na kuingia kupitia vitundu vya kupumulia vya majani. Miaka ya 1930 vijana wa makambi ya kazi waling'oa vichaka hivyo kwa mamilioni, kwa mikono, mlima kwa mlima, na haikusaidia. Ikishaingia kwenye jani inashuka kwenye tawi, inatoka kwenye tawi kwenda shinani, inalizunguka gome, na kila kilicho juu ya hapo kinakauka. Mche mdogo unaweza kuondoka ndani ya miaka michache. Mti mkubwa unaweza kukaa miongo, ila unaanza kukauka kileleni, na kileleni ndo koni zinapokaa. Yaani mti unaonekana mzima na umeshaacha kuzaa.

Sasa unajuaje mti una kutu? Hapa ndo wale vijana wenye kofia ngumu. Kwa eneo la Yellowstone, ile hifadhi kubwa ya taifa iliyo zaidi Wyoming, kazi hii ilianza kupangwa vizuri mwaka 2004: wanaweka ukanda wa mita 10 kwa 50, kila msonobari wa gome jeupe uliomo unapigwa kibati cha namba, na unarudiwa kila baada ya miaka michache, mti uleule, namba ileile. Ukibahatika kufika mwezi wa sita unakuta tawi limevimba na vijipu vya rangi ya chungwa vinamwaga unga, ukigusa unabaki kidoleni kama manjano ya pilau, hapo hamna ubishi. Ila siku nyingi vijipu havipo, kwahiyo tunatafuta dalili tano: tawi moja limekuwa jekundu peke yake, panya au kindi ametafuna gome (pale penye ugonjwa kuna utamu), utomvu unachuruzika, gome limekuwa na makwaru, na uvimbe. Zikipatikana tatu mahali pamoja tunaandika kutu.

Msimu wangu wa kwanza niliandika mti mmoja mzima, nikaufungia na daftari nikaanza kwenda. Dada aliyekuwa anatuongoza akaniita, akanipa darubini, akasema angalia juu kushoto, tawi la tatu. Nikaangalia kama dakika mbili, nikaona gome limetafunwa duara nzima na utomvu umeganda unang'aa. Nilikuwa nimepima kwa kuangalia usawa wa macho yangu. Tangu siku hiyo kila mti nauzunguka pande zote na darubini, hata kama mvua ya radi inakuja na wenzangu wameshafunga mabegi.

Unaweza kuuliza si kuna eropleni na setelaiti. Zipo na zinasaidia sana, kule Oregon na Washington wameanza kuchora miti iliyokufa kutoka kwenye eropleni tangu 1947, mtu anakaa dirishani anachora kwenye ramani, siku hizi kwenye tableti. Ila kutoka juu unaona wekundu tu. Huoni mche wa sentimita 20 umejificha nyuma ya jiwe, huoni kama una kutu, na huoni nani aliupanda.

Nani aliupanda, basi. Koni ya huu mti haifunguki yenyewe. Hata ikikauka haifunguki, na mbegu yake haina bawa, ni nzito kama punje ya njegere, karibu nusu yake mafuta. Upepo hauwezi kuibeba. Yupo ndege mmoja wa ukoo wa kunguru, kijivu mwenye mabawa meusi na weupe mkiani, kunguru wa Clark, amepewa jina la William Clark ambaye alimwona mwezi wa nane 1805 hapohapo Idaho upande wa mto Salmon na akadhani ni aina ya kigong'ota. Mdomo wake mrefu wenye ncha unapasua koni. Chini ya ulimi ana mfuko unaobeba mbegu zaidi ya 100 kwa safari moja, unamwona koo limevimba kama mtu amebeba karanga mashavuni, anaruka nazo wakati mwingine zaidi ya kilomita 20, anazifukia ardhini tatu nne pamoja, kina cha sentimita mbili tatu, anasogea, anafukia tena. Ndege mmoja kwa msimu anafukia makumi ya maelfu, na anakumbuka alipoweka, anarudi miezi kadhaa baadaye hata theluji ikiwa juu. Zile asizozirudia ndo msitu. Ukikuta misonobari mitatu ya gome jeupe imetoka shimo moja imeshikana kama mapacha, huyo ndege alisimama hapo.

Kwetu Usambara na Udzungwa hondohondo anapanda miti, lakini hiyo miti ina wasaidizi wengine, nyani, popo, kima. Huu una mmoja wa kutegemewa. Kindi anachuma koni nyingi ila anazirundika kwenye ghala lake kwenye unyevunyevu na kivuli ambako hamna kitakachoota. Na ghala la kindi ndo chakula cha dubu. Upande wa Yellowstone dubu wakubwa wa grizli wanatembea kutoka ghala hadi ghala mwezi wa tisa na wa kumi, wanafukua, wanavunja koni na kula mbegu, na kinyesi chao unakuta kimejaa maganda ya mbegu. Wataalamu wa dubu wa kule wamekuwa wakihesabu koni kila mwaka tangu 1980, watu wa dubu wanahesabu koni! Maana mwaka wa koni chache dubu wanashuka chini kutafuta chakula kingine na kukutana na watu na ng'ombe. Mwaka 2009 jaji mmoja wa mahakama ya Missoula aliwarudishia dubu ulinzi wa sheria, na moja ya sababu ilikuwa huu mti. Utafiti wa baadaye ulionyesha dubu wamehamia kwenye vyakula vingine kwa sehemu kubwa, dubu anakula vitu vingi sana, lakini mti wenyewe hauna pa kuhamia.

Sasa nirudi kwa yule kijana aliyesimama kimya. Anasimama sehemu moja dakika kadhaa, anaandika kila ndege anayemwona na kila sauti, kunguru wa Clark ana sauti ya kukwaruza, kraaa, kraaa, unaisikia mbali. Pembeni mwenzake anahesabu koni kwa darubini. Wakaja kugundua kitu kizito: pakiwa na koni chini ya kama 1,000 kwa hekta, ndege anaacha kuja. Hapati faida ya safari. Na zile koni chache zilizobaki kindi anazimaliza kwanza kabla hata hazijaiva.

Fikiria maana yake mama. Unaweza kuwa na mlima wenye misonobari iliyo hai, ya kijani kabisa, ukapiga picha ukasema msitu mzuri, na hapo hamna mbegu hata moja inayofukiwa ardhini kwasababu mpandaji ameshaondoka. Na unaweza kuwa na mlima uliojaa vijiti vya kijivu, pengine moto ulipita, na kila mwezi wa tisa makunguru wako pale chini wanachimbia mbegu kwenye majivu, maana wanapenda mahali peupe, na baada ya miaka kumi miche inatoka. Ukihesabu miti mikavu tu utasema wa kwanza mzima na wa pili umekufa. Ndo maana mimi siamini ripoti yoyote ya afya ya msitu wa kule juu inayotoa idadi ya miti iliyokufa bila kunipa idadi ya miche na bila kuniambia ndege walikuwa wangapi.

Na hiyo kazi ndo inatuambia wapi pa kupeleka nguvu. Katikati ya miti iliyojaa kutu unakuta mmoja hauna hata doa, wenzake wote wanachuruzika wenyewe umesimama. Huo tunaupanda kwa kamba mwanzo wa kiangazi, tunazifunika koni zake kwa vikapu vya waya ndege na kindi wasizimalize, tunarudi Septemba kuzichuma. Mbegu zinakwenda vitaluni, kama kile cha Coeur d'Alene hukohuko Idaho au kituo cha Dorena kule Oregon. Nilikitembelea hicho cha Dorena. Wanaweka miche kwenye chumba cha ukungu baridi, juu yake wanatandaza kwenye nyavu majani ya vile vichaka yenye kutu, unga unadondoka wenyewe juu ya miche usiku na mchana. Wanaiambukiza makusudi. Alafu wanasubiri miaka kadhaa. Mingi inakufa, mistari mizima, na hapa na pale unakuta familia ya mama mmoja imebaki ya kijani. Miti mama ya namna hiyo ndo mbegu zake zinarudi mlimani, na anayepanda miche yake anaiweka ubavuni mwa gogo au jiwe, upande wa kivuli, ili theluji isiiangushe na jua lisiikaushe.

Kijana wako, uliniuliza mwishoni kama anaweza kufanya kazi hii. Anaweza. Kazi za serikali kuu nyingi zinataka uraia, ila vyuo na baadhi ya vikosi vya vijana vya uhifadhi vinachukua mwenye kibali halali cha kufanya kazi, matangazo yanatoka majira ya baridi kwahiyo asisubiri mwezi wa tano. Aanze kwa kujifunza miti kumi ya Idaho kwa majani yake na sauti za ndege ishirini, na anunue viatu vizuri.

Mkienda tena mwisho wa mwezi wa nane, pandeni mpaka Galena, watoto wahesabu majani matano, alafu mkae kimya dakika kumi msikilize. Mkikuta koni zimepasuliwa ovyo bado ziko kwenye tawi, ni yeye kunguru. Mkikuta maganda yamerundikwa chini ya mti mmoja kama takataka za mahindi, ni kindi. Na mkiona mti una vikapu vya waya juu kabisa msidhani ni mtego, msiviguse, tutavifuata Septemba.